Arusha, Mji wa Wageni na Wakalimani

Msafiri atokaye Moshi kwa basi la asubuhi, akishapita Usa River, huuona Mlima Meru umesimama mkono wake wa kulia, mara nyingi ukiwa na wingu kileleni. Barabara hupita katikati ya migomba na kahawa hadi Tengeru, ambako siku ya soko dereva hulazimika kwenda polepole kwa wingi wa akina mama na mizigo yao. Baada ya hapo mji huanza. Katikati yake upo Mnara wa Saa, ambao wenyeji hupenda kuwaambia wageni kwamba umesimama nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Hatukwenda kuipima njia hiyo, lakini tulipiga picha kama wengine.

Arusha ni nchi ya Waarusha na Wameru, na wamezoea kuona wageni tangu Wajerumani walipojenga boma lao yapata mwaka 1900. Boma hilo sasa ni makumbusho. Watalii wanaokwenda Serengeti na Ngorongoro hulala usiku mmoja au miwili, wakanunua vinyago, wakaondoka. Hao hatukuwafuata. Sisi tulitaka kuwajua wageni wa namna nyingine, yaani wale wanaokuja kufanya kazi, wanaopanga nyumba Njiro na Sakina, wanaokaa meza moja na wenyeji mwaka hata mwaka. Wasomaji wetu wengi siku hizi wanafanya kazi na watu wa mataifa mengine, ama hospitalini, ama katika miradi, ama mashambani kwenye maua, na wengine wamevuka bahari kwenda kutafuta kazi huko huko kwao. Tuliona Arusha inaweza kutufundisha jambo.

Hatua chache kutoka kwenye boma la Wajerumani yapo majengo ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, ambacho watu wote hukiita AICC. Ni majengo matatu yaliyoungana, nayo huitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile iliyovunjika mwaka 1977. Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi papa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, sasa ina nchi wanachama 8 na makao yake yenyewe jirani na hapo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ina makao yake katika mji huu. Kwa hiyo saa ya chakula cha mchana, ukisimama njiani, utasikia Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, Kirundi, Kiganda, na lugha nyingine ambazo hatukuzitambua.

Karibu na hapo tulimkuta mama mmoja auzaye chai, mtori na chapati. Tulimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, wanangu, karibuni, kaeni." Ameuza chai kwa watu wa ofisini zaidi ya miaka 20, na kwa maoni yetu anawajua kuliko wakubwa wao wanavyowajua.

Alituambia kwamba mgeni wa Afrika Magharibi huanza kwa salamu ndefu na kushikana mikono, hata kama foleni ni ndefu na chai inapoa. Mzungu huweka fedha mezani, akataja anachotaka, akashukuru, basi. "Zamani nilidhani wananidharau," alisema. "Siku moja mmoja wao aliposikia nimefiwa, alikuja na bahasha, akaiweka mezani vilevile, hakusema neno, akaondoka. Ndipo nikajua ni mtindo wao tu." Akatuchekesha pia kwa habari ya kijana mgeni aliyepita wakati mama huyo na wenzake wanakula. Walimwambia "Karibu," kama desturi yetu ilivyo, nao wakangoja aseme, "Asante, endeleeni." Kijana akashukuru, akavuta kigoda, akanawa, akala mpaka sahani ikaisha. Akina mama wale hawakuwa na la kufanya ila kupika tena.

Mambo kama hayo yako mengi. Tunamwambia mtu "pole" anapojikwaa, naye anajibu kwamba si kosa letu, akishangaa kwa nini tunaomba radhi. Tunasema "nakuja" huku tunatoka mlangoni. Mgeni akiuliza, "Hukuiona ile barua?" tunajibu "Ndiyo," tukimaanisha kwamba ni kweli, hatukuiona, naye anaandika kwamba tumeiona. Binti aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mtu mzima, na bosi aliyelelewa vizuri kwao humwona binti huyo kuwa ana jambo analoficha. Haya ni ya kucheka, na mara nyingi yanakwisha kwa kucheka. Lakini katika majengo haya haya ya AICC kulikuwa na kazi ambayo tofauti za namna hii ziligusa uhai wa watu, haki ya waliokufa, na heshima ya akina mama. Hiyo ndiyo iliyotupeleka Arusha.

Tarehe 8 Novemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Mwezi Februari 1995 ikaamuliwa kwamba makao yake yawe Arusha, mji ule ule ambao mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa sahihi mwezi Agosti 1993, bila kuzuia maafa yaliyofuata. Mahakama hiyo ilifanya kazi hadi mwisho wa mwaka 2015. Watu 93 walishtakiwa, na mashahidi zaidi ya 3,000 walisikilizwa.

Hebu fikiri jinsi chumba kile kilivyokuwa. Kesi ya kwanza, ya Jean-Paul Akayesu aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba, ilianza Januari 1997. Majaji walikuwa watatu: Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden, na mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Lugha za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Sheria zenyewe zilichanganya mila mbili. Wakili aliyezoea mtindo wa Kiingereza, kama ulioko Tanzania na Kenya, hujua kwamba kazi yake ni kumbana shahidi wa upande wa pili kwa maswali hadi ayumbe. Aliyezoea mtindo wa Kifaransa hutegemea jalada lililoandaliwa, na jaji ndiye huongoza maswali. Kwa hiyo hata wasomi wenyewe, kabla hawajakutana na shahidi, walikuwa wageni wao kwa wao.

Kisha anaingia mama kutoka kilimani Taba, mkulima, anayesema Kinyarwanda. Maneno yake yalitafsiriwa kwanza kwa Kifaransa, na kutoka Kifaransa yakapelekwa kwenye Kiingereza. Jaji asiyejua Kifaransa alipokea neno lililokwisha kupita mikono miwili. Majaji wenyewe waliandika katika hukumu yao kwamba njia hiyo ilikuwa na hatari ya wazi ya kutoelewana.

Sisi tusemao Kiswahili tunaweza kuelewa ugumu huo upesi kuliko watu wengi. Wanyarwanda, kama sisi, huhesabu saa tangu mapambazuko. "Saa mbili" yao ni saa mbili yetu, na ya Mzungu ni saa nane. Neno lao "ejo" ni jana na pia ni kesho, na ni kitenzi kinachokuonyesha ipi. Ndugu wa baba huitwa "data wacu," yaani baba yetu, na ndugu wa kike wa mama ni "mama wacu." Shahidi anayesema baba zake wawili waliuawa hakosei hesabu. Lakini wakili aliyetoka mbali na kuandika kila neno, ambaye ana haki ya kumtetea mteja wake, ataona hapo mlango wa kumwita mama huyo mwongo.

Mahakama ilifanya jambo ambalo tunaliona la busara sana. Ilimwita mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, Mathias Ruzindana, aeleze jinsi watu wa nchi yake wanavyosema na wanavyonyamaza. Alieleza kwamba Mnyarwanda hatajibu moja kwa moja swali linalogusa jambo zito. Jibu lake hutakiwa kufumbuliwa kwa kuangalia anayesema ni nani, anamwambia nani, na habari yenyewe ni ipi. Mfano ulikuwapo mbele ya majaji. Mashahidi wengi walipoulizwa maana ya kawaida ya neno "inyenzi," walisitasita au wakakataa kusema, ingawa hakuna Mnyarwanda asiyelijua. Maana yake ni mende. Ndilo jina walilopewa Watutsi kabla ya kuuawa. Ni nani kati yetu ambaye angependa kusimama mbele ya wageni waliovaa majoho na kutamka kwamba yeye na watoto wake waliitwa mende?

Alieleza pia kwamba wengi wa mashahidi hawakuzoea ramani, wala kupima umbali, wala kushika tarehe, na kwamba katika nchi ambayo habari hupita kwa mdomo, mtu huweza kusimulia jambo alilosikia kama vile aliliona. Hapa wengine wangesema, "Basi, ndio utamaduni wao, hawawezi kutoa ushahidi." La hasha! Mtaalamu huyo alisema waziwazi kwamba Mnyarwanda, kama mtu mwingine yeyote, anaweza kutofautisha alichokiona na alichosikia, mradi aulizwe. Majaji wakaanza kuuliza hivyo mara kwa mara: je, uliona mwenyewe, au uliambiwa? Nao waliamua kwamba kusitasita na kuzungukazunguka peke yake kusihesabiwe kuwa ni uongo.

Tunalikazia jambo hili kwa sababu katika safari hii tuliwasikia watu wengi wakitumia neno "utamaduni" kama blanketi la kufunika kila kitu. Mfanyakazi amechelewa, ni utamaduni. Bosi ametukana, ni utamaduni wake. Kile chumba cha mahakama hakikulitumia neno hilo kumwachia mtu wala kumfukuza. Kililitumia kupata swali lililo bora zaidi.

Na swali ndilo lililoleta makubwa. Hati ya kwanza ya mashtaka haikutaja kabisa akina mama walionajisiwa. Mapema mwaka 1997 shahidi mmoja, aliyejulikana kwa herufi J tu ili alindwe, alikuwa akisimulia mambo mengine aliposema kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanamgambo watatu. Wapelelezi hawakuwa wamemwuliza habari hiyo. Mama mwingine, H, naye akasema yaliyompata yeye na aliyoyaona karibu na ofisi ya wilaya. Jaji Pillay aliwauliza maswali, na Juni mwaka huo hati ya mashtaka ikabadilishwa. Akina mama zaidi wakaja kusema.

Hapo wakalimani wakawa na kazi ngumu kupita zote. Maneno manne ya Kinyarwanda yalikuwa yakitumika, na yote yalitafsiriwa kuwa kubakwa. "Gufata ku ngufu" hata sisi tunalisikia: kukamata kwa nguvu, kitu chochote kile. "Kuryamana" ni kulala pamoja. "Gusambanya" ni kumtia mtu katika uzinzi. "Kurungora" ni kumwingilia mwanamke, awe ameridhia au hakuridhia. Majaji waliwaita wakalimani wenyewe wawafafanulie maneno hayo moja moja, kisha wakatazama kila simulizi jinsi ilivyokwenda ili wajue mama huyo alikusudia nini. Akina mama wetu nao hawasemi neno lenyewe. Husema, "Aliniharibu," au, "Alinitendea vibaya," wakaishia hapo, wakitumaini kwamba msikilizaji ni mtu mzima. Mtu asiyejua angeandika kwamba hakuna kosa lililotajwa.

Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamkwa kwamba kubaka kunaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifungo cha maisha.

Isidhaniwe kwamba mahakama ile ilijifunza mara moja ikamaliza. Mwisho wa Oktoba 2001, katika kesi nyingine, wakili alimwuliza shahidi mwanamke maswali ya kudhalilisha juu ya kubakwa kwake, na majaji wakaonekana wakicheka. Baadaye ilielezwa kwamba walimcheka wakili na maswali yake ya ovyo, wala si mama yule. Huenda ndivyo. Sisi wenyewe tunajua cheko la mtu aliyeona aibu au aliyekasirika. Lakini kibanda cha wakalimani kilitafsiri maneno, hakikutafsiri kicheko, na shahidi alikuwa amekaa peke yake mbele yao. Mwanzoni mwa mwaka 2002 vyama vya manusura nchini Rwanda vilisitisha kushirikiana na mahakama. Kwa maoni yetu walikuwa na haki. Mwenye cheo kikubwa chumbani ndiye anayepaswa kujiuliza kwanza uso wake unasomwaje na wengine.

Leo chombo kilichorithi kazi za mahakama hiyo kipo Lakilaki, wilaya ya Arumeru, nje ya mji, katika majengo yaliyofunguliwa mwaka 2016. Kumbukumbu za kesi zimehifadhiwa huko. Katika majengo ya AICC watu wanaendelea na mikutano mingine, na kijana aliyetuonyesha njia alizaliwa baada ya hukumu ya Akayesu.

Jioni tulikaribishwa Sakina, nyumbani kwa mama mmoja ambaye amekuwa katibu muhtasi katika ofisi mbalimbali za kimataifa za mji huu. Alitupikia ndizi kwa nyama, na wakati wa kula tukamweleza tuliyoyasoma juu ya mashahidi. Akasema kwamba ofisini pia watu hupewa hukumu kila siku, ila haziandikwi. Msichana fulani alionekana mzembe kwa sababu hakuwahi kuuliza swali mkutanoni. Kwao mdogo hamhoji mkubwa mbele ya watu. Bosi fulani alionekana mkatili kwa sababu alirudisha barua ikiwa imejaa wino mwekundu bila hata "habari za asubuhi". Kwao huko ni kumsaidia mtu. Msichana alikosa kupandishwa cheo. Bosi alisemwa vibaya jikoni miaka miwili. Hakuna aliyewaita wote wawili na kuwauliza.

Hata majina humsumbua. Wengine humwambia awaite kwa jina la kwanza, na yeye hawezi kumwita mtu mwenye mvi "Peter" kama anavyomwita mwanawe. Walikubaliana na mmoja wao kwamba atamwita "Baba Anna," kwa jina la binti yake. Mzee huyo alipostaafu alikuwa ameliandika jina hilo kwenye kikombe chake cha chai.

Tulimwuliza amewezaje kukaa na watu wa kila namna muda mrefu hivyo. Alisema ana swali moja ambalo humwuliza kila bosi mpya katika wiki ya kwanza, wakiwa peke yao, kwa heshima: "Ukikasirika, huwa unafanyaje?" Wa kwanza, mtu wa Ulaya ya Kaskazini, alijibu kwamba hunyamaza, na kwamba asiguswe mpaka kesho yake. Wa pili, wa Afrika Magharibi, alisema hupaza sauti, lakini akimaliza amesahau. Majibu hayo yamemwokolea machozi mengi. Bosi wake wa sasa aliomba muda wa kufikiri. Kesho yake akaja mezani kwake, akasimama kidogo, akasema, "Nimemwuliza mke wangu. Anasema naanza kupanga vitu mezani."

"Sasa," akasema mama huyo huku akitupakulia tena, "nikisikia kalamu zinapangwa, napeleka chai."